Nimebadilisha kadi ya grafiki kwa ajili ya Folding@home: mbona ongezeko haliendani na kadi?

#1 Kokotoa
Habari wakuu. Nina kompyuta ya gemu ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa na kazi mbili: jioni naichezea, na saa zilizobaki naiacha iwafanyie wanasayansi hesabu, Folding@home (mradi wa kuiga mienendo ya protini) kwenye kadi ya grafiki na Rosetta@home (wa kutabiri maumbo ya protini), kupitia BOINC (programu inayoleta na kuendesha kazi za miradi ya aina hii), kwenye prosesa. Prosesa ni Core i5-6500 yenye viini vinne na nyuzi nne (yaani inaendesha kazi nne kwa wakati mmoja), RAM ni GB 8 katika kijiti kimoja, na kadi ilikuwa GTX 1060 ya GB 6. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha kadi peke yake nikaweka RTX 4070. Kwa hesabu ya karatasi nimetoka viini 1,280 vya kadi hadi 5,888, kwa hiyo nilitarajia kasi ya mara nne na nusu au zaidi.

Siku mbili za kwanza pointi ambazo Folding@home hutoa kwa kazi zilizokamilika zilipanda sana, kisha zikaanza kuyumba, na zipo siku zinashuka hadi kukaribia mara mbili tu ya kadi ya zamani. Kinachonishangaza ni kwamba programu ya vipimo inaonyesha kadi inatumika kwa asilimia 97, ilhali umeme inaovuta ni wati 118 na uwezo wake ni wati 200. Joto halizidi nyuzi 58. Naamini prosesa ndiyo inayoibana kadi, na nimeanza kujipanga kubadilisha prosesa, ubao mama na RAM kwa pamoja. Kama nimekosea, nielezeni kabla sijanunua.

#2 MlinziWaWati
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Ile asilimia 97 haimaanishi unachodhani. Kipimo hicho kinahesabu sehemu ya muda ambamo kadi ilikuwa na angalau kazi moja inayoendelea, bila kujali kama kazi hiyo imejaza viini vyote 5,888 au mia chache tu. Ni sawa na kusema kiwanda kilikuwa wazi siku nzima bila kutaja ni mafundi wangapi walikuwa na cha kufanya. Wati ndizo zinazosema ukweli zaidi: kadi ya wati 200 inayovuta 118 na joto la 58 ina viini vingi vinavyosubiri. Swali ni vinasubiri nini.

#3 Nyuzi12
Vinasubiri prosesa, mleta uzi yuko sahihi. Umesema Rosetta inaendeshwa kwenye prosesa. Je, umeiachia nyuzi zote nne? Kazi ya kadi ya grafiki haijitegemei. Kila kadi inahitaji uzi mmoja wa prosesa wa kuilisha data na kupokea majibu. BOINC na Folding@home kwa kawaida hujiweka zote kwenye kipaumbele cha chini ili zisimsumbue mwenye kompyuta, kwa hiyo zikikutana hakuna inayompisha mwenzake, na mlishaji wa kadi anapanga foleni pamoja na kazi nne za Rosetta. Nenda kwenye mipangilio ya BOINC, weka itumie asilimia 75 ya prosesa, usubiri siku mbili. Haitakugharimu chochote.

#4 Kokotoa
Asante. Ni kweli nilikuwa nimeacha asilimia 100. Nimeshusha hadi 75 na ndani ya dakika chache wati zimepanda kutoka 118 hadi 141. Ni nafuu inayoonekana, lakini bado ziko mbali na 200.

#5 BintiProtini
Naomba nilete maelezo mengine kabla prosesa haijabebeshwa lawama zote. Kazi za Folding@home hazilingani. Mradi mmoja unaweza kuwa na protini ndogo ndani ya sanduku la maji lenye atomi elfu ishirini hivi, na mwingine ukawa na mfumo wa atomi laki tatu au zaidi. Kadi hugawa atomi hizo kwa viini vyake. Ukiipa kadi kubwa mfumo mdogo, kila hatua ya hesabu inakwisha upesi mno, viini vingi havipati sehemu, na muda mwingi unapotea katika kuanzisha hatua inayofuata. GTX 1060 ilijazwa na mifumo hiyo midogo bila shida. RTX 4070 haijazwi. Ukurasa wa miradi huonyesha idadi ya atomi kwa kila namba ya mradi. Andika namba za miradi uliyopata siku nzuri na zile za siku mbaya, uzilinganishe.

#6 FeniTatu
Mimi naona mnazunguka mbali. Kadi yoyote ikishapata joto hujipunguza kasi. Siku mbili za kwanza ilikuwa mpya na safi, sasa kasha limejaa vumbi. Fungua, safisha, geuza feni ya nyuma.

#7 MlinziWaWati
@FeniTatu, usafi ni jambo jema, lakini soma tena bandiko #1: nyuzi joto 58. Kadi ya aina ile haianzi kujizuia kwa sababu ya joto mpaka ifike kwenye themanini na kitu. Vumbi la wiki tatu halielezi kadi iliyopoa na ambayo haivuti umeme. Ingekuwa inachemka na wati ziko 200, ningekuunga mkono.

#8 FeniTatu
Nimekubali kwa upande wa kadi. Lakini joto la prosesa hajalitaja hata mara moja, na prosesa ile imekuwa ikifanya kazi mchana na usiku kwa miaka. Hitisinki ya kiwandani (chuma cha kuipoza prosesa) ikikauka losheni yake ya joto, prosesa hushusha kasi, na kama ndiyo inayomlisha mwenzake, tumerudi kulekule. Atuletee kipimo hicho.

#9 NambaTasa
Kuna jambo la hesabu ambalo huwapotosha wengi, nami liliwahi kunipotosha. Mnalinganisha pointi kana kwamba ni kasi. Pointi za Folding@home haziendi sambamba na kasi, kwa sababu kuna bonasi ya kurudisha kazi mapema, na bonasi hiyo inafuata kipeuo cha pili cha uwiano kati ya muda wa mwisho uliopangwa na muda uliotumia. Ukimaliza kazi kwa nusu ya muda, kila kazi inakupa pointi mara 1.41 ya zile za awali, na kwa kuwa unafanya kazi mara mbili zaidi kwa siku, jumla inapanda mara 2.83. Kinyume chake ndicho kinachouma: kazi ikichelewa kwa asilimia 20 tu, pointi za siku zinashuka kwa asilimia 24. Kwa hiyo kuyumba kidogo kwa kasi kunaonekana kama kuyumba kukubwa kwa pointi.

Ukitaka kupima kompyuta yako kwa haki, achana na pointi. Fungua kumbukumbu za programu, utaona mstari kila asilimia moja ya kazi inapokamilika. Pima muda kati ya mstari na mstari, na ulinganishe kazi za namba moja ya mradi tu.

#10 Nyuzi12
@NambaTasa, nilikuwa naamini kasi mara mbili ni pointi mara mbili, umenisahihisha. Basi na hili linaongezeka: saa ya bonasi inaanza kuhesabu pale seva inapokukabidhi kazi, na inasimama pale jibu linapoifikia seva. Mleta uzi amesema jioni anacheza gemu. @Kokotoa, ukicheza huwa unasimamisha Folding@home?

#11 Kokotoa
Ndiyo, nasimamisha kwa saa tatu, wakati mwingine nne. Sikuwahi kufikiri kwamba saa hizo zinahesabiwa. Nilidhani kazi inalala na saa yake inalala.

Kuhusu joto la prosesa, @FeniTatu: nimepima, nyuzi 81 wakati Rosetta inafanya kazi, na kasi haijashuka chini ya ile iliyoandikwa. Hata hivyo nimefungua kasha, na ulichosema kuhusu losheni ni kweli. Ilikuwa imekauka kama chokaa, inabanduka kwa ukucha. Nimeweka mpya na sasa prosesa iko kwenye 66.

#12 FeniTatu
Ukucha huo umenifurahisha kuliko pointi zote za uzi huu. Karibu kwenye chama cha wanaofungua kasha.

#13 MzeeWaMawimbi
Salaam. Mimi nilianza na SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa sayari nyingine, mwaka uleule ilipozinduliwa, 1999, wakati kompyuta nzima ilikuwa na kiini kimoja na tulifurahia kumaliza kazi moja kwa siku. Kwa uzoefu wangu mnafanya kosa la kuanza na vifaa. Anza na mradi unaoupenda, ndipo ujue kifaa cha kuongeza. Ukiwa mtu wa Folding@home, fedha yako iende kwenye kadi. Ukiwa mtu wa kutafuta namba tasa, iende kwenye prosesa yenye kashe kubwa (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa). Ukiwa mtu wa Rosetta, viini vingi na RAM. Hakuna kompyuta moja inayofaa kwa yote hayo. Mtu akitaka kadi yake ifanye hesabu za usahihi maradufu (za namba za biti 64 badala ya 32), aipeleke MilkyWay@home.

#14 BintiProtini
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono kwa yote isipokuwa la mwisho. MilkyWay@home iliacha kutoa kazi za kadi za grafiki mwaka 2023. Zilizobaki ni za prosesa. Tena hata zingekuwepo, RTX 4070 isingefua dafu, kwa sababu kadi za gemu za kizazi hiki hufanya hesabu za usahihi maradufu kwa kasi ya moja ya sitini na nne tu ya zile za kawaida. Kadi kuukuu ya Radeon HD 7970 iliyokuwa na uwiano wa moja ya nne ingeishinda.

#15 MzeeWaMawimbi
Marahaba, na asante kwa sahihisho. Baada ya SETI@home kuacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020 nilihamia Einstein@Home na sikufuatilia wengine sana. Nakumbuka mwezi uleule Folding@home ilifurika watu waliotaka kusaidia utafiti wa virusi vya korona hadi seva zikakosa kazi za kuwapa, na kompyuta zetu zilikaa saa nyingi zikiomba kazi bila kupata. Walitangaza kwamba wamevuka eksafloopsi moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Ni mfano mzuri kwa mleta uzi: si kila kupungua kwa pointi kunatoka ndani ya kasha lako. Upande wa pili nao una siku zake.

#16 NambaTasa
Nithibitishe alichosema mzee kuhusu kashe, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kwa gharama. Nilikuwa natafuta namba tasa kupitia PrimeGrid kwa prosesa ya viini sita, kila kiini na kazi yake. Nikaongeza RAM, hakuna kilichobadilika. Nikajaribu kuendesha kazi moja tu inayotumia viini vyote sita badala ya kazi sita tofauti, na jumla ya kazi kwa siku ikapanda. Sababu ni kwamba kuzidisha namba za tarakimu mamilioni kunahitaji jedwali kubwa la data linalosomwa tena na tena. Majedwali sita hayakuenea ndani ya kashe, kila kiini kikawa kinakwenda kuchota kwenye RAM na kugombania njia na wenzake. Jedwali moja lilienea. Ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D, ambayo ilitoka mwaka 2022 ikiwa na MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, watu walioinunua kwa ajili ya gemu waligundua kwamba inafaa sana kwa kazi hizi.

Ila na upande huu kadi zinaingia. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyopatikana na GIMPS (mradi wa watu wa kujitolea wa kutafuta namba tasa) mwezi Oktoba 2024 na yenye tarakimu 41,024,320, ilinaswa kwa kadi za grafiki, baada ya miaka mingi ya ushindi wa kompyuta za prosesa.

#17 Kokotoa
Nimesoma yote, nashukuru. Nimerudi na vipimo vya siku nne, kwa njia ya @NambaTasa. Nilipata mradi mmoja mara tatu, kwa hiyo naweza kulinganisha bila kuchanganya. Kabla ya kuachia uzi mmoja wa prosesa, asilimia moja ilichukua sekunde 74. Baada ya kuachia, sekunde 61. Baada ya kubadilisha losheni ya joto, sekunde 61 vilevile. Sasa linalonitatiza: juzi usiku mradi huohuo ulitumia sekunde 52, wati 168, na sikuwa nimegusa chochote.

#18 Nyuzi12
Angalia BOINC ya juzi usiku. Rosetta huwa na vipindi ambavyo haina kazi za kutoa. Ikiwa usiku huo prosesa ilikuwa haina kazi, kadi ilipata mlishaji asiye na mshindani. Pengine hata zile siku mbili za kwanza zilizopanda zilikuwa hivyo.

#19 Kokotoa
Nimeangalia. Rosetta haikuwa na kazi kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Kwa hiyo maelezo yako yanaingia. Lakini uzi mmoja ulikuwa tayari umeachwa wazi, sasa kadi ilikosa nini wakati Rosetta ina nyuzi tatu tu?

#20 MlinziWaWati
RAM. Una kijiti kimoja, maana yake data inapita njia moja badala ya mbili, nusu ya upana ambao prosesa ile inaweza kuutumia. Kazi tatu za Rosetta, ambazo kila moja inaweza kuchukua zaidi ya GB moja, zinagombania njia hiyo pamoja na mlishaji wa kadi. Ukiongeza Windows na kivinjari, GB 8 zinakaribia kuisha, na zikiisha mfumo unaanza kuhamishia kwenye diski. Ongeza kijiti cha pili kinachofanana na hicho. Ni sehemu ndogo sana ya ulichotaka kununua.

#21 BintiProtini
Sikubaliani kwamba RAM inaeleza pengo lote. Hata usiku ule Rosetta ilipolala, kadi ilifika wati 168, haikufika 200. Bado kuna mradi wenye mfumo mdogo hapo. @Kokotoa, mradi uliopima una atomi ngapi?

#22 UmemeMdogo
Naingia kwa upande ambao haujaguswa. Kwa nini mnataka ifike 200? Mimi kadi yangu nimeiwekea kikomo cha asilimia 70 ya umeme kwa makusudi, na muda wa kila asilimia umeongezeka kidogo sana. Wati za mwisho ndizo zenye tija ndogo kuliko zote, kwa sababu ili kupata kasi kidogo zaidi kadi inalazimika kupandisha volteji, na matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volteji. Kompyuta inayovuta wati 300 mchana na usiku hutumia yuniti 7.2 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya 2,600. Anayejitolea kompyuta yake kwa miaka, kama tunavyotaka wote, hilo ndilo la kuliangalia kwanza. Mleta uzi ana kadi inayofanya kazi kwa wati 141, joto 58, kimya. Kwangu hiyo ni hali nzuri.

#23 NambaTasa
@UmemeMdogo, kuweka kikomo kwa hiari na kadi kukosa chakula ni mambo mawili. Kadi iliyowekewa kikomo inafanya kazi kwa ukamilifu kwenye kasi ndogo. Kadi yenye njaa inasimama na kuanza, na wakati imesimama umeme wake unaendelea kupotea pamoja na ule wa kompyuta nzima. Mwondolee njaa kwanza, kikomo aweke baadaye.

#24 Mpyatu
Samahani wakuu, nauliza kwa kuwa nami nina 4070. Badala ya haya yote, si angeikaza kasi ya kumbukumbu ya kadi tu? Kwenye gemu nimeona tofauti.

#25 MzeeWaMawimbi
Mjukuu, hapo uwe mwangalifu mno. Kwenye gemu, hesabu moja ikikosewa unaona nukta yenye rangi isiyo yake na baada ya sekunde imepita. Kwenye sayansi, nukta hiyo ni jibu. Niliwahi kukaza kadi yangu ya zamani kwa ajili ya Einstein@Home. Ilifanya kazi wiki nzima bila kukwama, nikajisifu. Mradi ule hupeleka kazi moja kwa kompyuta mbili za watu tofauti na kulinganisha majibu. Nilipofungua ukurasa wangu nikakuta safu ndefu ya kazi zilizokataliwa, maana kila mara mwenzangu wa upande wa pili alikubaliana na mtu wa tatu, na mimi nilibaki peke yangu. Wiki nzima ya umeme ilikwenda bure, na niliwachelewesha wengine. Tena kumbukumbu za GDDR6X zilizo kwenye kadi yako hugundua makosa ya usafirishaji na kurudia kutuma data, hivyo ukizidisha unaweza kuona namba ya kasi imepanda huku kazi inazidi kuwa polepole.

#26 Mpyatu
Nimekuelewa, mzee. Nairudisha ilivyokuwa leo hii.

#27 Nyuzi12
Na mimi nina kisa cha pawa saplai kwa atakayebadilisha kadi. Yangu ilikuwa ya wati 450, gemu zote zilikwenda sawa kwa mwaka mzima. Nilipoanza kuacha kadi ikifanya hesabu usiku kucha, kompyuta ilikuwa inazima saa nane au saa tisa bila ujumbe wowote. Gemu ina mapumziko: ukifungua menyu, ukisubiri ramani, umeme unashuka. Hesabu hazina mapumziko. @Kokotoa, hujatuambia yako ni ya ukubwa gani na ina umri gani.

#28 Kokotoa
Ni ya wati 550, ina umri sawa na prosesa. Haijawahi kuzima.

@BintiProtini, nimeangalia: mradi niliopima una atomi zinazokaribia elfu arobaini, na ule wa siku mbili za kwanza ulikuwa na zaidi ya laki mbili na nusu. Kwa hiyo siku zile nzuri zinaweza kuwa zilitokana na ukubwa wa mfumo, kama unavyosema. Ila nimepekua pia kumbukumbu za BOINC, na siku hizohizo mbili Rosetta ilikuwa na kazi chache mno. Yote mawili yalitokea pamoja.

#29 BintiProtini
Basi siku hizo haziwezi kutuamulia. Unahitaji mfumo mkubwa siku ambayo Rosetta ina kazi nyingi, na ukiupata pima sekunde, kisha simamisha BOINC katikati ya kazi hiyohiyo na upime tena.

#30 MlinziWaWati
Na upime kabla na baada ya kijiti cha pili cha RAM, vinginevyo tutabishana hapa hadi mwakani.

#31 Kokotoa
Kijiti nimeshaagiza. Prosesa na ubao mama nimeviweka kando kwa sasa. Leo asubuhi nimepokea mfumo mkubwa, wa atomi laki tatu na kidogo, na Rosetta ina kazi tatu zinazoendelea: sekunde 96 kwa asilimia, wati 172. Nasimamisha BOINC sasa hivi, nitaandika namba zikishatulia. Kuna yeyote mwenye 4070 aliyewahi kupata mfumo wa ukubwa huu kwenye prosesa mpya zaidi, atuwekee sekunde zake?